Dereva wa Mshahara, Dereva wa Hesabu, au Fremu ya Kukatana Kodi: Ubia Upi Unafaa Soko na Stendi Yenu?

Mwenye bajaji hapa Dodoma asiyetaka kuiendesha mwenyewe ana njia mbili za kawaida. Anamwajiri kijana kwa mshahara: mapato yote yanakuja kwake, mafuta na matengenezo yanatoka kwake. Au anampa kijana kwa hesabu: kila jioni lete kiasi fulani, kinachozidi ni chako, kikipungua utajua mwenyewe. Jirani yake mwenye kiwanja barabarani, Kisasa au Nkuhungu, ana njia ya tatu. Hana fedha za kujenga, kwa hiyo anamwachia mwenye fedha ajenge fremu, afanye biashara humo miaka kadhaa bila kulipa kodi mpaka gharama zake zirudi, kisha fremu ziwe za mwenye kiwanja. Wenyewe wanasema wanakatana kwenye kodi.

Serikali nayo ina hizo hizo tatu, ila majina ni marefu: mkataba wa usimamizi, mkataba wa upangishaji, na Jenga–Endesha–Kabidhi. Ukiondoa mihuri na kurasa mia mbili, ubia mwingi kati ya halmashauri na kampuni binafsi unaangukia kwenye mojawapo, au kwenye mchanganyiko wake. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya diwani, mweka hazina, ofisa mipango au mfanyabiashara wa Dodoma, Bahi, Kongwa au Manyoni ambaye mezani ana soko, stendi, machinjio au mradi wa maji, na hajui aende njia ipi.

Nimekaa miaka mingi upande wa vitabu vya hesabu, si upande wa sheria, na lalamiko langu ni moja. Kwenye vikao vyetu swali la kwanza na la mwisho huwa, "Tuna fedha au hatuna?" Hatuna, basi mwekezaji aje ajenge. Swali ambalo halipewi hata nusu saa ni hili: mwekezaji akishaanza kazi, sisi tutakuwa tunaona nini? Kwangu hilo ndilo linalopaswa kuchagua mkataba. Usiyeweza kumwona anachokusanya, ubia naye ni kumtumaini tu, na tumaini halina kifungu mahakamani.

Vigezo vinne kabla ya yote

Nitaupima kila mkataba kwa maneno manne: fedha, hasara, macho, na kutoka.

*Fedha* ni kuuliza nani anaanza kutoa, na atazirudisha kutoka mfuko wa nani. Hapa watu hudanganyana sana. Mwekezaji haleti sadaka. Fedha yake itarudi kwa ushuru na tozo za mtumiaji, au kwa kodi ya wananchi wote kupitia bajeti. Chungu cha tatu hakipo.

*Hasara* ni kuuliza nani anaumia wateja wasipokuja, saruji ikipanda bei, mto ukibeba daraja, au sheria ikibadilika. Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba hatari apewe yule anayeweza kuizuia au kuipunguza. Ujenzi kuchelewa ni wa mjenzi. Fidia ya ardhi, vibali na mabadiliko ya sheria ni ya serikali. Wateja? Hapo pagumu, na nitaparudia.

*Macho* ni uwezo wenu wa kujua kila siku kilichoingia. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, lakini ongezeeni swali jingine: daftari linaandikwa na nani, na nani analisoma?

*Kutoka* ni talaka. Mkataba ukishindikana, nani anadai nini, kesi inasikilizwa wapi, na siku inayofuata nani atafungua geti la soko saa kumi na moja alfajiri?

Dodoma na wateja wa tamko

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo la mji huu ambalo vitabu vya ubia vilivyoandikwa kwingine havina. Mahitaji ya huduma Dodoma hupandishwa na kushushwa na serikali yenyewe kuliko karibu mji mwingine wowote nchini. Makao makuu yaliamuliwa 1973 na yakasuasua miongo minne. Julai 2016 Rais Magufuli akatamka kuwa serikali inahamia, na ndani ya miaka michache wizara zikafika, Mji wa Serikali wa Mtumba ukajengwa, Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Aliyekuwa na nyumba ya kulala wageni alishukuru Mungu. Aliyekuwa amepanga chumba hakushukuru.

Tamko hushusha pia. Julai 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni jambo jema, nami nimeipanda. Lakini mtu aliyepiga hesabu za mapato ya stendi kwa idadi ya mabasi ya Dar ya mwaka 2015 amejikuta anashindana na treni ya yule yule aliyesaini naye mkataba.

Tena kuna historia ya ardhi. Kwa zaidi ya miaka 40 viwanja vya mji vilisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kwa hati za miaka 33. Mei 2017 CDA ikavunjwa, shughuli zake zikaenda manispaa. Wengi walifurahi, nami sikulia. Ila kwa mwenye mkataba, funzo lilibaki: taasisi uliyosaini nayo inaweza isiwepo kesho, na kinachokulinda ni kifungu kinachosema nani anarithi wajibu wake.

Kwa hiyo unapomwambia mbia binafsi Dodoma kwamba "wateja wasipokuja ni shauri lako", unamtwisha hatari ambayo wewe ndiye mwenye usukani wake. Akikubali kirahisi, jiulize ameificha wapi gharama hiyo.

Njia ya kwanza: dereva wa mshahara (mkataba wa usimamizi)

Mali ni yenu, mapato ni yenu, wafanyakazi mara nyingi ni wenu. Kampuni inaleta wasimamizi na mifumo, inalipwa ada, labda na nyongeza ikifikia malengo. Muda huwa mfupi, miaka miwili mpaka mitano.

*Fedha.* Zinatoka kwenu. Kama bomba limepasuka, kampuni haitalinunua. Njia hii haijengi kitu kipya.

*Hasara.* Karibu yote iko kwenu. Mwezi ukiwa mbaya, ada ya meneja iko pale pale.

*Macho.* Hapa ndipo ubora wake ulipo. Fedha zinapita kwenye akaunti yenu kwa kumbukumbu namba ya malipo, na kampuni haina sababu ya kuficha mapato ambayo si yake. Mkimaliza miaka miwili mnajua kwa hakika soko lenu linaingiza nini mwezi wa tatu na mwezi wa saba. Maarifa hayo ni mali, ingawa hayaonekani kwenye mizania.

*Kutoka.* Rahisi kuliko zote. Muda unaisha, mnaagana.

Mfano ambao nchi hii inaukumbuka ni TANESCO kukabidhiwa kwa Net Group Solutions ya Afrika Kusini mwaka 2002. Wafanyakazi walipinga tangu siku ya kwanza. Makusanyo yalipanda, hata taasisi zilizozoea kutolipa bili zikakatiwa umeme na kulipa. Lakini kukusanya bili ni kitu kimoja na kuzalisha umeme ni kingine. Mkataba ulipoisha mwaka 2006, mwaka ambao maji ya Mtera yalikuwa yameshuka na nchi inagawana giza, mwananchi hakuwa na hamu ya kusikia habari ya makusanyo. Dereva wa mshahara hufanya lile unalompimia. Ukimpimia fedha ataleta fedha; usafi wa choo cha stendi hautapata msemaji.

Inawafaa wenye jengo tayari, fedha kidogo ya matengenezo, na vitabu vilivyovurugika. Haiwafai wanaohitaji ujenzi.

Njia ya pili: dereva wa hesabu (mkataba wa upangishaji)

Hii ndiyo inayotumika sana kwenye ushuru wa stendi, maegesho, minada na vyoo vya umma, hata pale ambapo watu hawaiti ubia. Jengo ni la halmashauri. Mzabuni anaendesha, anakusanya, analeta kiasi kilichokubaliwa, anabaki na kinachozidi.

*Fedha.* Kujenga na matengenezo makubwa ni juu ya mwenye mali; matengenezo madogo na mishahara ni ya mpangaji. Andikeni kwa orodha kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. Nimeona bati moja lililong'oka likiandikiwa barua nne.

*Hasara.* Ya wateja iko kwa mpangaji, na hilo humfanya awe mkali wa kukusanya. Lakini Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili. Mahindi, alizeti na mtama vinaingia sokoni katikati ya mwaka. Soko la nafaka kama la Kibaigwa halifanani Juni na Februari. Ukimtoza mpangaji kiasi kile kile kila mwezi, Februari atachelewesha, utamwandikia barua ya onyo, naye ataanza kukuona adui; Juni atapata faida nene, nawe utaanza kumwona mwizi. Hakuna aliyedanganya. Kalenda ya mkataba ilinakiliwa kutoka mahali penye mvua mbili. Dawa yake ni kima cha chini kidogo kwa mwezi, pamoja na asilimia ya mapato halisi.

*Macho.* Tatizo ni kwamba asilimia hiyo inahitaji macho, nayo macho hapa ni hafifu kuliko njia ya kwanza. Kila shilingi mnayoijua ni shilingi ambayo mpangaji atagawana nanyi.

Nitawasimulia. Katika halmashauri moja ya kanda hii tulikuwa na mzabuni wa ushuru wa stendi, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba anaficha. Tukawapeleka vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo wakae getini na daftari wiki nzima, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Hesabu yao ikaizidi ya mzabuni karibu kwa theluthi. Kikao kikachangamka. "Mheshimiwa mwenyekiti, huyu tumvunjie mkataba leo hii!" Mzabuni, mzee mpole, akaomba naye asikilizwe, akatoa bahasha yenye vikaratasi. Basi hili la fulani lisidaiwe. Gari zile tatu zina shughuli ya ofisi. Sehemu kubwa ya theluthi iliyopotea ilikuwa imesamehewa na sisi wenyewe, kwa simu na kwa vimemo, na mzee aliogopa kukataa. Tangu siku hiyo neno "uaminifu wa mbia" likitamkwa huwa nauliza: mbia yupi?

*Kutoka.* Si kugumu kama njia ya tatu, ila kuna namna ya kukuharibu. Mfano mkubwa ni maji ya Dar es Salaam. Agosti 2003 City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania, ilianza kazi kwa mkataba wa miaka 10. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, ilibaki mwenye mabomba, kampuni ikusanye bili na kulipa kodi ya upangishaji. Mwishoni mwa zabuni alikuwa amebaki mzabuni mmoja tu, na hilo peke yake lilitosha kuwasha taa nyekundu. Makusanyo hayakufikia kilichoandikwa kwenye zabuni, malipo yakapungua, kampuni ikaomba masharti yajadiliwe upya. Mei 2005 serikali ikatangaza kuuvunja mkataba. Juni viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini.

Kesi zilikuwa mbili, na ni vizuri kuzisoma pamoja. Baraza moja la usuluhishi liliipa DAWASA haki dhidi ya kampuni, kiasi cha pauni milioni 3. Lingine, la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, likaamua mwaka 2008 kwamba Tanzania ilikiuka makubaliano yake ya uwekezaji na Uingereza kwa namna ilivyowatoa: kutangaza hadharani kabla ya taratibu kukamilika, kutwaa ofisi, kufukuza watu. Haikuamuriwa fidia, kwa kuwa kampuni wakati huo haikuwa na thamani tena. Yaani serikali ilikuwa na sababu nzuri, ikaichafua kwa haraka. Kuvunja mkataba kwa kufuata ngazi zake huchukua miezi michache ya uvumilivu. Kuuvunja kwa mkutano wa hadhara huchukua miaka mitatu ya mawakili.

Upangishaji unawafaa wenye jengo zima, takwimu za angalau misimu mitatu, na mtu wa kukaa getini asiyepokea simu za wakubwa.

Njia ya tatu: fremu ya kukatana (Jenga–Endesha–Kabidhi)

Hii ndiyo inayopigiwa makofi kwenye makongamano, na si bure. Pale ambapo bajeti haitoshi na mahitaji ni ya kweli, inaweza kuleta leo jengo ambalo lingesubiri miaka 15.

*Fedha.* Zinatoka kwa mwekezaji, ambaye mara nyingi naye amekopa. Tupige hesabu ya mfano tu. Soko la shilingi bilioni 2, mkopo wa riba ya asilimia 15, kiwango kisicho kigeni kwenye benki zetu. Riba ya mwaka ni milioni 300, yaani milioni 25 kwa mwezi. Kama soko lina fremu 200 na zote zimejaa, kila moja itoe 125,000 kwa mwezi kulipa riba peke yake, kabla ya deni lenyewe, mlinzi, umeme na faida. Sasa nendeni Majengo au Sabasaba, mkamuulize mwenye kizimba cha nyanya kama anaiweza. Asipoiweza, mradi si mbaya. Mteja wake ndiye hayupo, na hakuna kifungu cha mkataba kitakachomleta.

*Hasara.* Ujenzi kuchelewa na gharama kupanda ni vya mjenzi, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi iliyozoea wakandarasi wanaodai nyongeza. Hatari ya wateja ndiyo vita. Mkopeshaji hataki kusikia habari ya wateja, anataka dhamana. Ndipo serikali inaposhawishika kuahidi: wateja wasipokuja, tutakulipa. Ahadi hiyo haionekani kwenye bajeti ya mwaka huu, na kwa sababu haionekani, haiumi. Inauma baadaye.

Tulishaonja. Mkataba wa mwaka 1995 wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ingawa ulikuwa wa kujenga na kumiliki na si wa kukabidhi, uliifunga TANESCO kulipia uwezo wa mtambo wa megawati 100, umeme utumike au usitumike. Ugomvi juu ya malipo hayo ukafungua akaunti ya Escrow ya Tegeta Benki Kuu, na fedha zake, zaidi ya shilingi bilioni 300, zikaja kuzua hapa hapa Dodoma ule mjadala wa Bunge wa Novemba 2014 ambao watu waliusikiliza redioni mpaka usiku. Akaunti ya kuweka fedha zenye ugomvi ni chombo kizuri kabisa cha kulinda pande zote. Jina lake Tanzania limegeuka tusi kwa sababu ya waliokuwa na funguo.

Mambo ya asili nayo. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa TRL, kampuni ya reli ya ubia, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 na serikali 49, kwa miaka 25. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yakabeba njia kati ya Kilosa na Gulwe, kule Mpwapwa. Kabla ya hapo kulishakuwa na migomo ya mishahara na lawama za mabehewa. Mwaka 2011 ubia ukaisha, miaka 21 kabla ya wakati wake. Mto Mkondoa haujasaini chochote, lakini kila anayejenga kando yake anajua utakuja. Hatari inayojulikana na isiyogawanywa hupewa anayebaki wa mwisho, naye huwa ni mwananchi.

Na sarafu. Majirani zetu Nairobi wana barabara ya juu ya kilometa 27 iliyofunguliwa 2022, kampuni ya Kichina ikiikusanyia tozo kwa miaka 27. Barabara ni nzuri, serikali haikutoa mtaji wa kujenga. Lakini mkopo uko kwa dola, na shilingi ya Kenya ilipodhoofika, Januari 2024 tozo ikapanda. Soko la Chamwino linaloingiza shilingi lisijengwe kwa deni la dola. Hapo sioni haja ya kuwa na mizani.

*Macho.* Hafifu kuliko zote, kwa sababu mwekezaji ana vitabu vyake na ana haki ya kusema ni siri ya biashara. Hata hivyo kuna kipindi ambacho mna nguvu zote, nacho ni kabla ya kusaini. Hapo ndipo pa kudai vitabu vya mradi vikaguliwe kila mwaka na mkaguzi mnayemkubali wote, mashine za risiti ziunganishwe na mfumo wenu, na mkataba wenyewe ubandikwe hadharani. Mwezi mmoja baada ya kusaini, ombi hilo hilo litaitwa usumbufu.

*Kutoka.* Ghali. Ukimtoa mwekezaji mwaka wa nne, unarudisha gharama zake na pengine faida aliyotarajia. Mwisho wa muda nao una mtego wake: mwenye fremu miaka miwili kabla ya kukabidhi hapaki rangi wala hazibui choo. Wekeni ukaguzi wa jengo miaka mitatu kabla, na fedha ya ukarabati izuiwe mpaka makabidhiano. Mahali pa kesi nako kumebadilika. Sheria ya Ubia ni ya mwaka 2010, ikarekebishwa 2014, 2018 na 2023. Marekebisho ya 2018 yalitaka migogoro isuluhishwe ndani ya nchi. Ya 2023 yakafungua tena mlango wa usuluhishi wa nje, kwa sababu wawekezaji walikuwa hawaingii. Mjadala mkali wa bandari wa 2023, uliomalizikia kwa mikataba ya miaka 30 na DP World kusainiwa Ikulu ya Chamwino Oktoba ya mwaka huo, ulikuwa kwa sehemu kubwa mjadala wa kigezo hiki hiki: ukomo uko wapi, na mlango wa kutokea uko wapi.

Njia hii inawafaa wenye ardhi isiyo na mgogoro, wateja waliopo tayari wakinyeshewa mahali pabaya, na mwanasheria aliyewahi kuusoma mkataba wa namna hii mpaka mwisho.

Na msipoingia ubia kabisa?

Sitaki mtu adhani ubia ni lazima. Stendi kuu na Soko la Job Ndugai pale Nzuguni vilijengwa kwa fedha za umma, mkopo wa Benki ya Dunia, bila mwekezaji. Tanga, Mamlaka ya Maji ilikwenda sokoni Februari 2024 ikauza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, wananchi na mifuko wakanunua. Hatari yote inabaki kwenu, lakini na mali yote. Tatizo ni kwamba hatifungani inataka vitabu safi vya miaka kadhaa, na tumerudi kwenye macho.

Kwa hali yenu

Kama mna jengo tayari lakini hakuna anayejua linaingiza kiasi gani, anzeni na usimamizi wa miaka miwili. Mtaambiwa mnapoteza muda. Mnanunua takwimu, na bila hizo mzabuni yeyote atawazidi mezani.

Kama mna jengo na takwimu, na uchumi wenu ni wa mavuno, pangisheni kwa kima cha chini kidogo na asilimia, miezi mikubwa ibebe miezi midogo. Kabla ya kusaini, baraza lipitishe azimio kwamba msamaha wowote wa ushuru uandikwe, uwe na jina la aliyeutoa, na ukatwe kwenye hesabu ya halmashauri, si ya mzabuni.

Kama hamna jengo na watu wanauza chini kwenye jua la Oktoba, Jenga–Endesha–Kabidhi inastahili kufikiriwa, lakini rudieni ile hesabu ya riba kwa namba zenu halisi. Ikigoma, punguzeni jengo kabla hamjarefusha miaka. Soko la bati na zege lisilo na ghorofa halitapendeza kwenye picha ya uzinduzi, ila vizimba vitajaa. Msiahidi kwamba hamtajenga soko jingine kwa miaka 25. Katika mji unaokua kama huu, ahadi hiyo ni kujifunga kamba shingoni.

Kama mradi ni wa maji kijijini, Chemba au Ikungi, ambako kipato cha kisima hakimlipi mtu faida, mwekezaji wa kujenga hatakuja, na akija mwangalieni mara mbili. Fundi binafsi wa matengenezo kwa mkataba mdogo wa usimamizi, chini ya chombo cha jamii, mara nyingi ndicho kimo cha ubia unaowezekana.

Kama wewe ndiye mwenye kampuni, hatari yako kubwa ni uchaguzi na uhamisho. Mkataba wa miaka 15 utaona mabaraza matatu ya madiwani, na wakurugenzi wengi kuliko hao. Usitegemee urafiki na aliyesaini. Hakikisha kila makubaliano ya mdomo yana barua siku hiyo hiyo, na uwe wa kwanza kutaka vitabu viwe wazi, kwa kuwa siku maneno yatakapoanza kijiweni hutakuwa na shahidi mwingine. Kama hujawahi kubeba deni la benki kwenye kipindi cha njaa ya Kanda ya Kati, anza na upangishaji.

Na kama wewe ni mama lishe, machinga au mwenye kizimba, utakayesikia habari za ubia siku geti jipya linapofungwa, nenda kwenye mkutano wa mtaa ukiwa na maswali mawili. Tozo itapandishwa na nani, na kwa kumtangazia nani kabla? Na wakati wa ujenzi, mimi nitauza wapi? Wakijibu la pili kwa "mtapangiwa", mwombe mwenyekiti ataje mahali penyewe kwa jina, na tarehe, na mwandishi wa kikao aandike.